Toleo la Majaribio Lililokwenda Hewani

Kompyuta nilikutana nayo nikiwa tayari nina wajukuu, kwa hiyo nyie vijana mnaoandika programu msitegemee nitawafundisha kuandika. Hilo mnaliweza. Nawaona pale karibu na stendi ya Ruangwa, laputopu mezani, chai inapoa, mnabishana kwa maneno ambayo nusu yake siyajui. Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio. Jina langu Tekla, ila kazini waliniita Mama Mitambo, na siku naagwa hata kwenye keki waliandika hivyo. Ninachotaka kuwaambia ni kitu kidogo tu: ile namba mnayoiweka pembeni kabisa mwa programu, mkidhani hakuna anayeisoma. Inasomwa. Na anayeisoma anaiamini.

Kazi niliianzia Nachingwea, kwenye chumba cha kurekodia cha parokia, enzi za kaseti. Aliyenifundisha ni mzee Kalisto, mtu mfupi, mkali, aliyevaa koti hata mwezi wa kumi na moja wakati sisi wengine tunatafuta pa kujificha na jua. Tulikuwa tunarekodi kwaya. Kwanza tunarekodi mazoezi ili wanakwaya wajisikilize, halafu baadaye tunarekodi nyimbo zenyewe. Pasaka moja kaseti zote mbili ziliandikwa "Pasaka". Siku ya sikukuu kanisa limejaa, wageni wamekaa mbele, Kalisto akaniashiria nibonyeze. Wimbo ukaanza vizuri kabisa. Ubeti wa pili ukakatika, na kwenye spika ikatoka sauti ya mwalimu wa kwaya: "Simama, simama! Nyie sauti ya kwanza, mnaimba au mnachinjwa?" Kanisa zima likageuka kumtazama mwalimu wa kwaya, na yeye akageuka kutazama ukuta.

Baadaye tulicheka sana, lakini Kalisto siku hiyo hakucheka. Alitafuta plasta nyekundu, akazungushia kaseti zote za mazoezi, akaniambia, "Tekla, hii haijaisha. Na ionekane haijaisha, hata kwa mtu asiyejua kusoma." Nikafanya hivyo miaka yote niliyokaa naye.

Kaseti zikaondoka, zikaja CD, nazo zikaondoka, ikaja kompyuta. Nikahamia Ruangwa, kwenye redio ndogo ya jamii. Mambo ya plasta niliyaacha Nachingwea pamoja na kaseti. Sikujua kwamba kompyuta nayo ina mazoezi yake.

Sasa, asikudanganye mtu kwamba redio ya huku kwetu inasikilizwa kwa ajili ya muziki. Muziki uko kwenye simu. Redio inasikilizwa kwa matangazo ya vifo. Ukifika mchana, kabla ya taarifa ya habari, mtu shambani anaacha jembe na kuongeza sauti. Ndugu wametawanyika, huyu yuko Nambambo, huyu Narung'ombe, mwingine kaolewa Liwale, na mtandao wa simu mashambani unashika na kuachia. Waislamu, ambao ndio wengi huku, hawapendi kuchelewesha maziko. Usiposikia mchana, jioni unaoneshwa kaburi.

Aliyetuandikia programu ya matangazo hayo aliitwa Hamisi. Kijana wa hapa hapa Ruangwa, alisoma Dar es Salaam, akarudi kumtunza mama yake. Kabla yake tulikuwa tunaandika kwenye vikaratasi, na siku moja kikaratasi cha msiba kiliokotwa kimefungiwa karanga. Programu ya Hamisi ilimaliza aibu hiyo. Mtu wa mapokezi anaandika matangazo, programu inayapanga kwa saa za maziko, wanaozikwa mapema wanatangulia, na mtangazaji studio anasoma moja kwa moja kwenye skrini. Chini kabisa kwenye kona palikuwa na maandishi madogo: Toleo 3.2. Tuliipenda sana programu ile.

Hamisi yeye hakuwa mtu wa kuridhika. Akishatukabidhi, keshokutwa ameanza kuiongezea. Najua ndivyo mlivyo. Alikaa chumba cha nyuma kwenye kompyuta ya zamani, akitengeneza ile ambayo siku moja ingekuwa 3.3. Kwa kujaribia alihitaji matangazo ya kuchezea, maana huwezi kujaribia misiba ya watu. Na hapo ndipo utani ulipoingia.

Hamisi alikuwa Mmakua, na dereva wetu, Salumu, ni Mmwera. Huku kwetu hao ni watani, wakikutana asubuhi hawasalimiani, wanazikana. "Wewe bado unapumua? Sanda yako nimeshanunua, inaliwa na panya." Basi Hamisi akaandika tangazo la kuchezea la kifo cha baba yake Salumu, mzee Ismaili wa Nambambo, kwa jina lake kamili na kijiji chake na ndugu zake wote, mmoja mmoja. Akamwita Salumu aje aone. Salumu alicheka mpaka akashika meza. "Ngoja," akasema, "na mimi namuua mjomba wako leo hii." Hamisi akaongeza na langu: Mama Mitambo anasikitika kutangaza kifo cha jogoo wake, baada ya kuugua mafua kwa muda mfupi. Nami nilicheka. Jogoo wangu alikuwa na mafua kweli.

Programu hiyo ambayo haijaisha ilikuwa bado inajiita 3.2. Hamisi aliianza kwa kunakili ile iliyokuwa studio, na namba angeibadilisha siku ya kumaliza. Aliihifadhi kwenye flashi nyeusi aliyoibandika karatasi yenye neno "jaribio". Joto la Ruangwa mnalijua. Gundi ikalainika, karatasi ikabanduka, flashi ikabaki kwenye droo moja na ile ya programu ya kweli, zote nyeusi, zote tupu usoni.

Siku yenyewe mimi na Salumu tulikuwa barabarani kwenda Nachingwea, ambako mtambo wetu wa kurushia matangazo ulikuwa unakwaruza. Huku nyuma umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na programu ikagoma kufunguka. Mtangazaji wa zamu alikuwa Zuhura, binti kutoka Lindi mjini, bado mgeni kwetu. Sisi alitujua kwa majina ya kazini tu, wazazi wetu hakuwajua. Muda wa matangazo ulikuwa unakaribia. Akampigia Hamisi, ambaye alikuwa kwenye basi la Lindi. Maneno yao wamenisimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

"Kaka Hamisi, imegoma kabisa."

"Usihangaike, dada. Fungua droo ya meza, kuna flashi. Iweke upya."

"Ziko mbili."

"Weka mojawapo, ikifunguka nisomee pale chini kwenye kona."

Akaweka. Ikafunguka.

"Imeandikwa Toleo 3.2."

"Ndiyo hiyo hiyo. Endelea, dada."

Zuhura alisoma sawasawa, na Hamisi alisikia sawasawa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sioni ni nini zaidi Zuhura angefanya. Aliuliza mwenye programu, akaambiwa ndiyo. Akaandika haraka matangazo mawili ya siku hiyo, na alipoona orodha ina zaidi ya mawili, akadhani mengine yameandikwa asubuhi na mapokezi.

Sisi garini tulikuwa tumekaribia Nachingwea. Redio imewashwa, kama kawaida, maana fundi mitambo hasikilizi maneno, anasikiliza kama sauti inakwaruza. Sauti ya Zuhura ikaingia, tulivu, nzuri: "Familia ya mzee Ismaili wa Nambambo, wilayani Nachingwea, inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, kilichotokea alfajiri ya leo nyumbani kwake. Mazishi yatafanyika leo alasiri." Ikafuata orodha ndefu ya watoto na ndugu.

Salumu aliachia mafuta. Gari likaenda lenyewe, likapunguza, likasimama katikati ya barabara. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Mama Mitambo," akasema polepole, "baba amekufa, na mimi nasikia redioni?"

Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akaendelea: "Mama Mitambo wa Ruangwa anasikitika kutangaza kifo cha jogoo..." Akanyamaza. Redio kimya ni kitu kinachotisha kuliko mnavyodhani. Halafu ukaingia muziki, tena wa harusi.

"Salumu!" nikampiga begani. "Ni yale ya Hamisi, yale ya kuchezea. Hukusikia la jogoo?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Labda la jogoo ndilo la uongo peke yake."

Akapiga simu ya baba yake. Haikupatikana. Akapiga tena na tena, huku nyuma yetu lori linapiga honi. Mzee Ismaili alikuwa na tabia ya kuzima simu ili kutunza chaji, kila mtu nyumbani alijua, Salumu mwenyewe alijua, lakini mtu aliyesikia msiba hakumbuki tabia za watu. Akawasha gari tukaenda Nambambo moja kwa moja. Mimi nilijua ni uongo, nilikuwa na hakika, na bado nilikuwa nasali rozari kimoyomoyo.

Tulikuta kilio kimeshaanza. Akina mama wa jirani walikuwa wamefika, kanga vichwani, wengine chini wanagaagaa, mmoja ameshawasha moto na sufuria ya wali iko jikoni. Wanaume wanatafuta jembe na sururu. Hakuna aliyekuwa ameingia ndani. Kila mmoja alimkuta mwenzake analia, akalia. Salumu alitoka garini bila kuzima injini. Na wakati huo huo mzee Ismaili akatokea nyuma ya nyumba, taulo begani, sabuni mkononi, anatoka kuoga.

"Jamani," akauliza, "nani amekufa?"

Mama mmoja aliacha kanga yake pale pale akakimbilia kwenye mihogo. Mwingine akaanza kusoma dua kwa sauti. Salumu alipiga magoti akamshika baba yake miguu, na mzee, ambaye alikuwa bado hajaelewa kitu, akawa anamuuliza, "Umepata ajali? Umegonga mtu?" Tulipomweleza alicheka, alicheka huyo mzee, akakaa kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe akaagiza ule wali uendelee kupikwa, watu wasirudi na njaa.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nawasimulia kichekesho.

Zuhura alikuwa amerudi hewani kukanusha, tena na tena, karibu kulia. Lakini aliyekwisha kutoka nyumbani hana redio njiani. Mzee Ismaili alikuwa na mdogo wake, Mohamedi, anayekaa Narung'ombe. Walikuwa hawasemeshani miaka mingi kwa sababu ya shamba la mikorosho alilowaachia mjomba wao. Kila mmoja aliamini mwenzake amelila peke yake. Hata kwenye harusi za watoto walikwepana. Haya yote nilikuja kuambiwa baadaye.

Alasiri nilikuwa nimekaa kivulini mwa gari, mbali kidogo na watu. Akaja mzee mmoja kwa miguu kutoka barabarani, vumbi hadi kwenye nyusi. Pikipiki iliyomleta ilikwama kwenye mchanga. Mkononi mfuko wa nailoni, ndani kitambaa cheupe kilichokunjwa. Akaniona mimi kwanza.

"Mama," akaniambia, na sauti haitoki vizuri, "wameshamwosha? Nataka nimuone uso tu. Nina maneno nilitaka kumwambia." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti.

"Baba, subiri," nikamwambia, "si kweli, mzee yupo..."

Sikumaliza. Kutoka mkekani ilisikika sauti ya mzee Ismaili anacheka. Mohamedi aliijua sauti hiyo. Alikwenda mbio, kama mtoto, watu wanampisha, mpaka mbele ya mkeka, na ule mfuko bado mkononi.

"Kaka! Uko hai!"

Mzee Ismaili alinyanyua macho. Akamtazama usoni, akautazama mfuko. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Ulitaka niwe nini?"

"Nimesikia redioni kaka. Nimekuja..."

"Miaka yote hii njia ya hapa ulikuwa huijui. Mgongo uliniweka kitandani masika nzima, hukuja hata na kidonge. Leo umesikia mikorosho haina mwenyewe, njia umeijua. Na sanda umenunua."

Mohamedi alisimama pale, mdomo wazi kidogo. Nilimwona anataka kusema, nikamwona anaacha. Akakunja mdomo wa ule mfuko vizuri, mara mbili, kama mtu anayefunga unga usimwagike.

"Haya, kaka," akasema. "Mungu akupe afya."

Hakunywa hata maji. Alirudi barabarani alivyokuja. Mimi nikamfuata mzee Ismaili pale alipokaa, nikainama nikamwambia, "Mzee, yule nimemwona mimi. Alikuwa analia kabla hajakuona. Aliniuliza kama mmeshakuosha, alitaka kukuona uso."

Akanitazama kwa upole. "Mama, wewe ni mgeni wetu," akasema. "Kula wali."

Nilimwambia Salumu, Salumu akamwambia baba yake wiki ile ile na nyingine nyingi zilizofuata. Mzee alijibu kwamba kulia barabarani kila mtu anaweza.

Hamisi mwenyewe alikwenda Nambambo kuomba radhi, kanzu imenyooshwa, kuku kwapani. Mzee Ismaili alimpokea kwa kicheko. "Wewe Mmakua," akamwambia, "umenizika bila hata kunisalia! Kaa hapa ule kuku wako." Alisamehe papo hapo. Mtani aliyemtangazia kifo alisamehewa, na ndugu aliyekuja kumlilia hakusamehewa. Mimi jambo hilo sijalielewa mpaka leo.

Nilikaa na Hamisi chumba cha nyuma, nikamuuliza bila hasira, nilitaka kujua tu.

"Kwa nini hii mpya hukuipa namba yake?"

"Mama Mitambo, 3.3 ilikuwa haijazaliwa. Nitampaje jina mtoto aliye tumboni?"

"Si anaitwa mimba? Kuna mtu anamwita kwa jina la kaka yake?"

Akavuta kibodi, akaanza kuandika.

Alichofanya siku zile ndicho ninachotaka mkichukue. Tangu hapo, akishatukabidhi toleo, kitu cha kwanza kabisa, kabla hajagusa mstari mwingine wowote, alibadilisha namba ya ile iliyobaki mikononi mwake. Kama tuliyokabidhiwa ni 3.3, yake inakuwa "3.4 jaribio la kwanza", halafu jaribio la pili, na kuendelea. Ile 3.4 yenyewe, bila neno lolote mkiani, ilikuja siku imekwisha, si siku moja kabla. Na neno "jaribio" alilifunga na namba hapo hapo, si kwenye karatasi, si kwenye jina la faili, kwa sababu karatasi hubanduka na faili hubadilishwa jina. Mtu akimsomea kwenye simu, hawezi kusoma namba bila kusoma na neno. Msidharau hili la simu. Nyie mnafikiri namba inasomwa na kompyuta nyingine. Kwetu huku inasomwa na mtu mwenye haraka, anamsomea mtu aliye kwenye basi.

Aliongeza na mengine. Programu ya jaribio ilikuwa na mkanda mwekundu juu ya skrini nzima. Ilikataa kufunguka kwenye kompyuta ya studio. Na marehemu wake wote wakawa Fulani bin Fulani wa Mahali Fulani. Hapo kidogo ilipoteza raha, lakini raha ya kuzikana ilikuwa imeshatuishia.

Hamisi hatukudumu naye. Meneja hakumfukuza, watu ndio walimfukuza. Sokoni walimwita Ziraili, yule malaika mtoa roho. Mwanzoni alicheka nao. "Ziraili, leo unamtangaza nani?" Kisha siku moja kwenye foleni ya hospitali mama mwenye mtoto mgonjwa aliposikia wanamwita hivyo, alihama benchi. Hamisi hakucheka tena. Mama yake alipofariki, akahamia Masasi. Anatengeneza simu, vioo na chaji. Nilimpitia mwaka uliopita, nikamuuliza kama bado anaandika programu. Akaniambia, "Mama, naogopa." Mikono ile, akili ile, inabadilisha vioo vya simu. Mkinikuta najuta, mojawapo ni hilo.

Lingine ni hili.

Nilipokaribia kustaafu, mzee Ismaili alifariki kweli. Alilala, hakuamka. Salumu alileta tangazo mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili. Tulikaa ofisini hatujui tufanye nini. Meneja akapendekeza tuongeze mwishoni maneno haya: tangazo hili ni la kweli. Salumu akatikisa kichwa.

"Mkisema hilo ni la kweli, bosi, watajua mengine ni ya uongo. Someni kama mnavyosomea wengine."

Zuhura aliomba apumzishwe, mwingine asome. Salumu akamwambia, "Hapana dada. Soma wewe." Akasoma, sauti yake ile ile, hakutetereka.

Narung'ombe walikuwa wanavuna ufuta. Mohamedi alikuwa shambani na majirani zake, redio imening'inizwa kwenye mti. Alisikia kila neno. Salumu alikuwa anampigia simu tangu asubuhi, hapatikani, huko shambani hakuna mtandao. Akatuma mtu wa bodaboda, akakuta nyumba imefungwa. Jioni ndipo jirani mmoja aliporudi kijijini, simu yake ikashika mtandao, ujumbe ukaingia. Mohamedi alifika Nambambo asubuhi iliyofuata. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji.

Siku chache baadaye nilikuwa mapokezi, natengeneza soketi, akaingia. Nilimjua mara moja. Yeye hakunikumbuka.

"Mimi ni Mohamedi wa Narung'ombe," akamwambia binti wa mapokezi. "Naomba kumuona mkubwa."

Meneja alitoka mbio, akamvutia kiti, akaagiza soda, akaanza kuomba radhi kwa yale ya zamani. Mzee akanyanyua mkono kumzuia.

"Sikuja kwa ugomvi, mwanangu. Lile la kwanza nililiamini, nikaenda. Hili la pili nililisikia, nikawaambia wenzangu, hao wa Ruangwa wamemuua tena kaka yangu. Tukacheka. Nikaendelea kukata ufuta." Akatazama sakafu. "Sikulisikiliza. Naomba mlisome tena."

"Mzee," meneja akasema kwa sauti ya chini, "ameshazikwa."

"Najua ameshazikwa. Nimetoka huko."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, sijui tangu saa ngapi. Hakumuomba mtu ruhusa. Alirudi ndani, akafunga mlango, na taa nyekundu juu yake ikawaka. Binti wa mapokezi akaongeza sauti ya spika ndogo iliyo ukutani.

Mzee alivua kofia akaiweka gotini. Zuhura alisoma taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia. Jina la marehemu, kijiji, alfajiri, nyumbani kwake. Watoto wote, kuanzia Salumu. Kisha akasoma, "Habari zimfikie pia mdogo wa marehemu, Mohamedi, popote alipo."

Mzee akainamisha kichwa.

"Zimenifika," akasema.